Uchambuzi: Nani analinda mlango kati ya ofisi na mashine?

Mapema mwezi Juni mwaka 2020, viwanda vya kampuni ya Honda katika jimbo la Ohio nchini Marekani vilikuwa ndiyo kwanza vimerejea kazini baada ya kufungwa kwa wiki kadhaa kutokana na janga la Covid-19. Ghafla vikasimama tena, na safari hii ugonjwa haukuwa wa binadamu. Mtandao wa kompyuta wa kampuni hiyo ulikuwa umevamiwa. Barua pepe hazikufunguka, seva hazikufikika, na uzalishaji ukasitishwa katika baadhi ya viwanda vyake, vikiwemo vya Ohio, Uturuki, India na Brazil.

Miongoni mwa viwanda vya Ohio ni kile cha Marysville, kaskazini magharibi ya jiji la Columbus, ambako Honda ilianza kuunganisha magari ya Accord mwaka 1982 na kuwa kampuni ya kwanza ya Kijapani kutengeneza magari ya abiria katika ardhi ya Marekani. Kwa Waafrika Mashariki, Columbus si jina geni. Jiji hilo lina moja ya jumuiya kubwa zaidi za Wasomali nchini Marekani, ikitanguliwa na ile ya Minnesota. Louisville katika jimbo la Kentucky na Buffalo katika jimbo la New York nazo zimewapokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, Somalia, Burundi na Sudan. Wengi wa wageni hao hupata ajira zao za mwanzo viwandani na kwenye maghala, kazi zinazolipwa kwa saa. Kwa mfanyakazi wa namna hiyo, mashine inaposimama, swali la usalama wa kompyuta huacha kuwa la mafundi peke yao.

Honda haikutaja hadharani jina la programu iliyotumika kuishambulia. Hata hivyo, watafiti wa usalama wa mitandao walipata nakala ya programu hasidi inayojulikana kama Ekans, ambayo kabla ya kuanza kazi yake ilikuwa ikikagua kwanza iwapo imo ndani ya mtandao wa Honda. Kama haimo, ilijizima. Programu hiyo, iliyoonekana kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2019, hufunga mafaili ya mwenye kompyuta na kumtaka alipe ili afunguliwe. Hilo si jambo jipya. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba ilibeba orodha ya programu za kuzimwa kwanza, na katika orodha hiyo zilikuwemo programu zinazotumika kusimamia na kurekodi kazi za mitambo viwandani. Kwa maneno mengine, aliyeiandika alikuwa na habari kwamba nyuma ya ofisi kuna kiwanda.

Ghorofa za kiwanda

Ili kufahamu ni vipi ugonjwa wa ofisini unaweza kuzima mashine, yafaa kukitazama kiwanda cha kisasa kama jengo la ghorofa. Chini kabisa ziko mashine zenyewe: mota, vali, mikono ya roboti na vitambuzi vinavyopima joto au mwendo. Juu yake kuna kompyuta ndogo zisizo na skrini ambazo kazi yake ni kuamrisha mashine hizo, mara nyingi ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Ghorofa ya pili ina skrini za waendeshaji, wale wanaokaa kwenye chumba cha uongozaji wakiangalia rangi nyekundu na kijani. Ya tatu hupanga kazi ya kiwanda kizima, kama vile gari gani litangulie, rangi gani itumike na ubora ukaguliwe wapi. Ya nne ni ofisi, pamoja na oda, mishahara, bohari na barua pepe. Juu ya ofisi hakuna paa, kuna intaneti.

Mpangilio huu wa ngazi ulichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, na jopo lililoongozwa na Theodore Williams. Wakati huo lengo lilikuwa kupanga kazi na mawasiliano, wala usalama haukuwa hoja kubwa. Baadaye waandishi wa viwango vya kimataifa vya usalama wa mitambo waliuchukua mchoro huo na kuongeza jambo moja lenye uzito: kati ya ghorofa ya tatu na ya nne pawe na chumba cha katikati, ambamo hakuna upande unaoruhusiwa kupita moja kwa moja kwenda upande wa pili.

Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa sana. Ni baraza. Mgeni huja, hukaa barazani, huzungumza haja yake, hupewa kahawa, na aliye ndani hutoka kumkabili. Mgeni haingii ukumbini kwa sababu tu amebisha hodi. Vivyo hivyo, taarifa za uzalishaji huwekwa kwenye seva iliyo katika chumba hicho cha katikati, na ofisi huzichukua hapo. Ofisi haizungumzi na mashine wala mashine haizungumzi na ofisi. Kwenye kila mlango husimama bawabu, chombo ambacho mafundi hukiita faiwoli, kikikagua nani anapita, anakwenda wapi na amebeba nini.

Katika viwanda vingi baraza hiyo haipo. Au ipo kwenye mchoro, huku ukutani watu wamekwishatoboa matundu ya kupitishia nyaya.

Sababu moja ni ya kihistoria. Kompyuta za kuamrisha mashine zilizaliwa kutokana na mahitaji ya viwanda vya magari, baada ya kampuni ya General Motors mwaka 1968 kutafuta chombo cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa swichi za umeme. Lugha inayotumiwa na wengi wa vyombo hivyo kuwasiliana, Modbus, ilitolewa mwaka 1979. Lugha hiyo haiulizi jina wala neno la siri. Anayetoa amri hutiiwa. Halikuwa kosa kwa zama zake, kwani aliyeweza kutoa amri alikuwa ni yule aliyesimama ndani ya kiwanda akiwa ameshika waya mkononi. Tatizo limekuja pale waya huo ulipoungwa na mtandao wa ofisi, na mtandao wa ofisi ukaungwa na dunia nzima.

Ugomvi wa nyumba moja

Mara nyingi hoja hii huelezwa kama vita kati ya kampuni na wadukuzi wa Urusi, Iran au Korea Kaskazini. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaficha ugomvi mwingine ulio mkubwa zaidi, nao ni ule wa watu wa nyumba moja.

Mhandisi wa kiwandani hupimwa kwa kitu kimoja tu: je, mashine zimezunguka? Mtaalamu wa kompyuta wa ofisini hupimwa kwa kingine: je, siri za kampuni zimehifadhiwa? Huyu wa pili akiona hitilafu kwenye programu hutaka irekebishwe usiku huo huo na kompyuta iwashwe upya. Huyu wa kwanza akisikia neno kuwashwa upya hushika kichwa, maana kuzima kompyuta moja kunaweza kusimamisha mstari mzima wa kuunganisha magari, na marekebisho ambayo hayakujaribiwa yanaweza kuufanya mkono wa roboti uende usikotarajiwa. Ndiyo sababu katika viwanda vingi kumeendelea kuwepo kompyuta zinazotumia programu endeshi ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwezi Aprili mwaka 2014. Mashine iliyonunuliwa ili ifanye kazi miaka 25 haiwezi kufuata kalenda ya wauza programu.

Honda yenyewe ilikuwa imekwishaonja shubiri hiyo. Mwezi Juni mwaka 2017 kiwanda chake cha Sayama nchini Japani kilisimama kwa siku moja baada ya kukutwa na kirusi cha WannaCry, wiki kadhaa baada ya kirusi hicho kuzitikisa hospitali za Uingereza na kusimamisha viwanda vya Renault na Nissan. Marekebisho ya kukizuia yalikuwepo tangu mwezi Machi mwaka huo. Miaka mitatu baadaye, zamu ikawa ya Ohio.

Je, ni kweli kwamba mashine za Ohio ziliambukizwa? Katika mashambulio mengi ya namna hii, mashine hubaki nzima. Kinachozisimamisha ni hofu ya wakubwa. Uongozi unapoambiwa kwamba kompyuta za ofisi zimeshikwa, swali la kwanza ni iwapo ugonjwa unaweza kuteremka hadi chini. Kama hakuna anayejua kwa uhakika milango iko mingapi na ipi imefungwa, jibu la busara ni kuzima kila kitu. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwezi Mei mwaka 2021 kwa Colonial, kampuni inayosafirisha petroli kwa bomba kutoka Texas hadi eneo la New York. Wavamizi waliingia kwenye mtandao wa ofisi kupitia akaunti ya zamani iliyolindwa kwa neno la siri pekee. Bomba lenyewe halikuguswa. Kampuni ikalifunga kwa mkono wake, ikalipa fidia ya dola milioni 4.4, na foleni za magari zikajipanga kwenye vituo vya mafuta vya majimbo ya kusini mashariki.

Linganisha na yale yaliyoikuta Saudi Aramco mwezi Agosti mwaka 2012. Kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni hiyo zilifutwa kila kilichokuwamo. Wafanyakazi walirejea kwenye karatasi na faksi. Lakini mafuta yaliendelea kuchimbwa, kwa kuwa mtandao wa visima ulikuwa umetenganishwa na ule wa ofisi. Hasara ilikuwa kubwa mno, ila ilikuwa hasara ya ofisi. Tofauti kati ya Aramco na Colonial haikuwa ujanja wa wavamizi, kwani walioishambulia Aramco walikuja wakiwa na nia ya kuharibu, wakati wale wa Colonial walitaka pesa. Tofauti ilikuwa ni mlango ambao wenye nyumba walijua kwamba umefungwa.

Mlango wa uani

Ohio ina mfano mwingine wa zamani zaidi ambao bado unafundisha, ingawa hautajwi sana nje ya duru za wahandisi. Tarehe 25 Januari mwaka 2003 kirusi cha Slammer kilienea duniani kwa dakika chache. Katika kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, kwenye ufuko wa ziwa Erie, kirusi hicho kiliuzima kwa karibu saa tano mfumo unaowaonyesha waendeshaji hali ya usalama ya mtambo. Kwa bahati njema, kinu cha nyuklia kilikuwa kimezimwa tangu mwaka uliotangulia kwa matengenezo.

Kituo hicho kilikuwa na faiwoli, nayo ilikuwa imepangwa kuzuia mlango ule ule uliotumiwa na Slammer. Ila kirusi hakikupita hapo. Kilianzia kwenye mtandao wa mkandarasi, kikasafiri kwa laini maalumu ya simu iliyomuunganisha mkandarasi huyo na mtandao wa kampuni, na laini hiyo ilikuwa imeungwa nyuma ya faiwoli. Kutoka ofisini kikateremka hadi kwenye mtambo. Bawabu alikuwa macho mlango wa mbele huku mgeni akiingia kwa mlango wa uani. Marekebisho ya programu ya kukizuia yalikuwa yametolewa miezi sita kabla.

Mkandarasi na laini yake ndiye anayestahili kuangaliwa zaidi kuliko mdukuzi. Karibu kila mtambo mkubwa unaouzwa leo huja na ombi la muuzaji kwamba aachiwe njia ya kuufikia akiwa kwao, ili ukiharibika asilazimike kupanda ndege. Ombi hilo lina maana. Fundi wa Ujerumani anayeweza kuitazama mashine ya Kentucky bila kuondoka mezani kwake huokoa siku mbili za uzalishaji. Lakini njia hiyo mara nyingi huachwa wazi usiku na mchana, kwa neno la siri moja linalojulikana na mafundi wote, na fundi aliyeacha kazi mwaka juzi bado analikumbuka.

Wakati mwingine neno la siri halikubadilishwa kamwe tangu kiwandani. Mwezi Novemba mwaka 2023 kundi linalohusishwa na Iran liliingia kwenye chombo cha kuamrisha pampu za maji katika mji mdogo wa Aliquippa, jimboni Pennsylvania, kwa sababu tu chombo hicho kilitengenezwa Israel. Mamlaka za Marekani zilieleza kwamba vyombo vya aina hiyo viliunganishwa na intaneti vikiwa na neno la siri la kiwandani, nalo lilikuwa 1111. Mafundi wa Aliquippa walizima chombo na kuendesha pampu kwa mkono, na maji hayakukatika.

Louisville na watoa vipuri

Louisville ni mji wa mashine za nyumbani, malori, nyama na pombe kali. Ford ina viwanda viwili hapo. Appliance Park, eneo kubwa la viwanda lililojengwa na General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilichukuliwa na kampuni ya Kichina ya Haier mwaka 2016, na mwaka 2025 wenye kiwanda walitangaza kwamba uundaji wa baadhi ya mashine za kufulia utahamishwa kutoka China kwenda huko. Viwanda vinavyorejea Marekani vinarejea na roboti nyingi zaidi na watu wachache zaidi, na kila roboti huja na waya wake wa mtandao.

Mji huo nao umepata sehemu yake. Mwezi Agosti mwaka 2020 kampuni ya Brown-Forman, yenye makao yake makuu Louisville na inayotengeneza wiski ya Jack Daniel's, ilivamiwa na kundi la REvil. Wavamizi walidai kuiba shehena ya nyaraka, lakini kampuni ilisema ilifaulu kuwazuia kabla hawajafunga mafaili yake. Kundi hilo hilo, mwishoni mwa mwezi Mei mwaka 2021, liliishambulia JBS, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya nyama, ambayo ilikuwa na kiwanda cha nyama ya nguruwe katika mtaa wa Butchertown mjini humo. Machinjio yake yote ya ng'ombe nchini Marekani yalisimama, na kampuni ikakiri baadaye kulipa dola milioni 11. Mwezi Mei mwaka 2025 kampuni ya chuma ya Nucor, yenye kiwanda kikubwa huko Brandenburg, mwendo mfupi kutoka Louisville, iliiarifu serikali kwamba imesitisha uzalishaji katika baadhi ya maeneo yake baada ya mtu asiyeruhusiwa kuingia kwenye mifumo yake. Haikutaja ni maeneo yapi.

Lakini jambo linalopaswa kuitia wasiwasi Kentucky zaidi lilitokea mbali, nchini Japani. Siku ya tarehe 1 Machi mwaka 2022 Toyota ilifunga viwanda vyake vyote 14 vya nchini humo kwa siku moja, na magari yapatayo 13,000 hayakuundwa. Toyota haikuvamiwa. Aliyevamiwa alikuwa Kojima, mtoa vipuri vya plastiki. Toyota haiweki vipuri vingi bohari. Huviagiza vifike saa vinapohitajika. Kwa hiyo kompyuta ya mtoa vipuri ilipozimika, mkubwa naye akazimika. Kiwanda kikubwa kuliko vyote vya Toyota duniani kiko Georgetown, mashariki ya Louisville, na barabara za jimbo hilo zimejaa kampuni za wastani na ndogo zinazoishi kwa kukilisha hicho na vile vya Ford.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Kampuni kama Ford au Toyota ina uwezo wa kuajiri watu wa kulinda milango yake. Karakana yenye wafanyakazi 80 inayokanyaga chuma cha bawaba haina. Aghalabu ina fundi mmoja wa kompyuta, naye ndiye anayerekebisha printa. Wakubwa huwatumia watoa vipuri orodha ndefu za maswali ya usalama, ambazo hujazwa na kurejeshwa. Gharama ya kujenga baraza inaachwa mikononi mwa yule ambaye bei ya bidhaa yake inapunguzwa kila mwaka na mnunuzi huyo huyo. Si rahisi kuona ni vipi utaratibu huo utazaa usalama.

Uingereza iliona matokeo yake mwaka 2025. Jaguar Land Rover ilisimamisha uzalishaji kwa takriban wiki tano kuanzia mwanzoni mwa Septemba baada ya kuvamiwa. Kituo cha Uingereza kinachotathmini matukio ya mitandao kilikadiria hasara kwa uchumi wa nchi hiyo kuwa pauni bilioni 1.9, ikizigusa kampuni na taasisi zaidi ya 5,000, na serikali ikalazimika kudhamini mkopo wa pauni bilioni 1.5 ili watoa vipuri wasife njaa.

Buffalo yakataa kulipa

Buffalo ni mji uliojengwa kwa umeme. Mwaka 1896 nguvu za maporomoko ya Niagara zilifikishwa huko kwa nyaya, na viwanda vikafuata. Vingi vimekufa, lakini General Motors bado inatengeneza injini huko Tonawanda, na Ford inakanyaga vipande vya mabodi ya magari kusini ya jiji. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wakazi wa Buffalo wameongezeka, kutoka 261,310 hadi 278,349, kwa mara ya kwanza katika miaka 70. Ongezeko hilo lilichangiwa na wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo wa kutoka kanda ya Afrika Mashariki na Kati.

Tukio lililoufundisha mji huo halikuwa la kiwandani bali la hospitalini. Mwezi Aprili mwaka 2017 hospitali ya Erie County Medical Center ilikuta kompyuta zake zipatazo 6,000 hazitumiki. Wavamizi walitaka takriban dola 30,000. Hospitali ikakataa. Kwa wiki kadhaa madaktari na wauguzi waliandika kwa kalamu, huku mafundi wakifuta na kujenga upya kompyuta moja baada ya nyingine kutoka kwenye nakala za akiba. Gharama yote ilikaribia dola milioni 10, ikijumuisha vifaa, wataalamu na mapato yaliyopotea.

Wapo waliouliza iwapo ni busara kutumia milioni kumi kuokoa elfu thelathini. Swali hilo lina kasoro. Anayelipa hununua ufunguo wa kufungulia mafaili, hanunui mlango mpya, na kazi ya kusafisha mtandao mzima humngojea pale pale. JBS ililipa ilhali viwanda vyake vingi vilikuwa vimekwisharejea kazini, kwa maelezo kwamba ilitaka kuepuka matatizo zaidi. Hospitali ya Buffalo iliweza kukataa kwa sababu ilikuwa na nakala za akiba na watu waliokuwa bado wanajua kufanya kazi bila kompyuta. Ujuzi huo wa pili unapungua viwandani kila mzee mmoja anapostaafu.

Kuna hatari nyingine isiyohesabika kwa dola. Mwaka 2017 katika kiwanda cha mafuta na kemikali nchini Saudi Arabia, wavamizi walivuka ghorofa zote hadi kuufikia mfumo wa mwisho, ule ambao kazi yake ni kuzima mtambo kabla haujalipuka. Kosa katika programu yao liliuzima mtambo wenyewe, na hivyo wakagunduliwa. Mwaka 2022 Marekani iliweka hadharani mashitaka dhidi ya mfanyakazi wa taasisi moja ya wizara ya ulinzi ya Urusi kuhusiana na shambulio hilo. Katika viwanda vya Ghuba walio karibu na mtambo mara nyingi ni vibarua wa kigeni, na miongoni mwao wapo waliotoka Mombasa na Kampala.

Mitambo mipya ya Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uhaba wa mitambo ni kinga. Katika kisa kimoja ilikuwa hivyo kweli. Kirusi cha NotPetya kilipoikumba kampuni ya meli ya Maersk mwezi Juni mwaka 2017, kilifuta karibu seva zake zote zilizokuwa na orodha ya watumiaji wa mtandao dunia nzima. Moja tu ilinusurika, iliyokuwa katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kompyuta hiyo haikuwa hewani. Nakala yake ikachukuliwa mkononi hadi Uingereza, na kampuni ikafufuliwa. Wakazi wa miji iliyozoea mgao wa umeme wanaweza kutabasamu.

Tabasamu hilo lisidumu. Mwezi Julai mwaka 2021 shambulio dhidi ya shirika la Transnet la Afrika Kusini lilivuruga bandari ya Durban kiasi kwamba shirika hilo lilitangaza halingeweza kutimiza mikataba yake. Mwezi Julai mwaka 2023, wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan walipouzidishia maombi mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, wananchi walipata taabu hata kununua tokeni za umeme. Mitambo ya kuzalisha umeme haikuguswa, lakini mwenye mita isiyo na salio hukaa gizani vile vile.

Na mitambo mikubwa inaongezeka. Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania lina uwezo wa megawati 2,115. Treni za umeme zimeanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa waya wa mawasiliano wa nyuzi katika njia yake, kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yasipopashwa moto, na joto lake lazima lisomwe na kuongozwa kutoka mbali saa zote. Karibu vyote hivi vimenunuliwa kwa kandarasi za kampuni za kigeni, ambazo hujenga, hukabidhi na kuendelea kutoa huduma kwa miaka kadhaa.

Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2015 na Kenya tangu mwaka 2018. Sheria hizo zinaeleza adhabu ya mvamizi. Njia ya muuzaji ya kuingia kwenye mtambo, saa zinazoruhusiwa, jina la anayeingia, na nani mwenye uwezo wa kuifunga, ni mambo ambayo nafasi yake ni ndani ya mikataba ya ununuzi, na wakati mwepesi wa kuyaandika ni kabla mnunuzi hajatia saini.